Wasomaji Wanauliza: Mahitaji ya Mtu, Rasilimali Zake na Ustawi Wake

Barua za toleo hili zimetoka kwa watu wa kazi na umri mbalimbali, lakini karibu zote zinazunguka jambo moja: uhusiano kati ya kile anachokihitaji mtu, kile alicho nacho mkononi, na maisha anayoyaishi hasa. Nimechagua sita. Nimeyafupisha maswali bila kubadilisha maana yake, na baadhi nimeyajibu kwa urefu zaidi kwa sababu uzito wake haulingani.

Swali: Mimi ni mwalimu. Katika vitabu tunavyotumia, mahitaji ya binadamu huchorwa kwa umbo la piramidi, chakula na malazi yakiwa chini, heshima na ukuzaji wa vipaji vikiwa juu. Wanafunzi wangu waliniuliza kama mtu mwenye njaa hana haja ya kupendwa wala kuheshimiwa, nami nikakosa jibu la kuwaridhisha. Niwaambie nini?

Jibu: Mwalimu, wanafunzi wako wameligusa jambo ambalo vitabu vingi hulipita haraka. Nadharia hiyo ni ya Abraham Maslow, mwanasaikolojia wa Marekani, aliyeichapisha mwaka 1943, na katika makala yake ya mwaka huo hamna piramidi hata moja. Umbo hilo lilichorwa baadaye na watu wengine, likaenea kupitia mafunzo ya uongozi wa biashara, kisha likaingia katika vitabu vya shule kana kwamba ndilo nadharia yenyewe. Maslow alisema waziwazi kwamba si lazima hitaji moja litoshelezwe kikamilifu ndipo jingine lijitokeze. Ili aeleweke, alitumia tarakimu alizozikisia mwenyewe kwa mfano tu: mtu wa kawaida huenda ameridhika kwa asilimia 85 katika mahitaji ya mwili, 70 katika usalama, 50 katika upendo, 40 katika heshima na 10 katika kuvikuza vipaji vyake hadi upeo. Maana yake ni kwamba mahitaji yote huwa hai ndani ya mtu kwa wakati mmoja, yakitofautiana kwa kiwango. Alitaja pia watu ambao mpangilio wao ni mwingine kabisa, wakiwemo wale wanaokubali kupoteza kila kitu kwa ajili ya jambo wanaloliamini.

Ushahidi unaonigusa zaidi unatoka kwa watoto wachanga. Katika miaka ya 1940 daktari René Spitz aliwalinganisha watoto wa makundi mawili: waliokuwa katika kituo cha kulelea watoto walioachwa, chenye chakula cha kutosha na usafi wa hali ya juu lakini wauguzi wachache mno, na waliolelewa na mama zao waliokuwa wakitumikia kifungo gerezani. Wale wa gerezani walikua vizuri. Wale wa kituoni walidhoofika, wakachelewa kutembea na kusema, na zaidi ya theluthi moja yao walikufa kwa maradhi, ingawa kwa hesabu ya lishe na usafi hawakupungukiwa na kitu. Kwa mtoto mchanga, basi, kushikwa, kutazamwa usoni na kusemeshwa si mapambo yanayongoja shibe. Ni sehemu ya yale yanayomweka hai.

Waambie wanafunzi wako kwamba mwenye njaa anahitaji chakula kwa haraka kuliko kitu kingine, na kwamba haraka hiyo haimwondolei haja ya kuheshimiwa. Wanaogawa misaada wangelikumbuka hili, wasingewapanga watu juani tangu asubuhi na kuwapiga picha wakiwa na mabakuli mikononi. Msaada wa namna hiyo hulisha hitaji moja kwa kulijeruhi jingine, na mpokeaji hukumbuka jeraha hilo muda mrefu baada ya shibe kwisha.

Swali: Nasoma uchumi mwaka wa kwanza. Tangu siku ya kwanza tunaambiwa kwamba mahitaji ya binadamu hayana kikomo ilhali rasilimali zina kikomo. Kama ndivyo, si ina maana kwamba hakuna mtu awezaye kutosheka kamwe, na kwamba mazungumzo yote kuhusu ustawi ni bure?

Jibu: Kijana wangu, kanuni hiyo ina manufaa yake unapojifunza namna ya kuchagua, lakini inachanganya mambo mawili ambayo ni muhimu sana kuyatenganisha. Yuko mchumi wa Chile, Manfred Max-Neef, aliyefariki mwaka 2019, ambaye pamoja na wenzake walichapisha mwaka 1986 hoja inayokwenda kinyume cha hiyo uliyofundishwa. Walisema mahitaji ya msingi ya binadamu ni machache, yanaweza kuhesabiwa, na hayabadiliki sana kutoka jamii hadi jamii wala zama hadi zama. Waliyataja tisa: kujikimu, ulinzi, upendo, kuelewa, kushiriki, mapumziko, kubuni, utambulisho na uhuru. Kinachobadilika, tena kwa kasi, ni njia na vitu ambavyo watu hutumia ili kuyakidhi.

Kwa mtazamo huo, chakula si hitaji. Chakula ni njia ya kukidhi hitaji la kujikimu. Nyumba ni njia. Shule ni njia, na wakati mwingine ni njia mbovu, kwa kuwa mtoto anaweza kukaa darasani miaka kadhaa bila hitaji lake la kuelewa kuguswa hata kidogo. Ukilishika hili utaona kwamba kinachoonekana kutokuwa na kikomo ni orodha ya vitu vinavyoweza kuuzwa, na mwenye kuuza ana kila sababu ya kutaka tuiite orodha hiyo mahitaji yetu.

Sehemu ya nadharia hii ambayo naiona kuwa na thamani kubwa kuliko zote ni ile inayozichambua njia zenyewe, kwa sababu haziko sawa. Ziko zinazodai kukidhi hitaji huku zikiliua pamoja na mengine: mfano walioutoa ni mashindano ya silaha, yanayofanywa kwa jina la ulinzi, lakini yanayokula fedha za kujikimu, yanabana uhuru na mwisho yanaacha watu wakiwa na hofu kuliko mwanzo. Ziko za uongo, zinazompa mtu hisia ya kushiba kwa muda tu, kama anayetafuta utambulisho kwa kufuata kila mtindo mpya wa mavazi. Ziko zinazokidhi kupita kiasi na kwa kufanya hivyo zinazuia mengine. Mzazi anayemlinda mtoto hata asithubutu kuamua lolote anampa ulinzi na kumnyima uhuru na kuelewa. Na ziko zile zinazokidhi mengi kwa pamoja. Mama anaponyonyesha, mtoto hupata lishe, kinga dhidi ya maradhi na upendo katika tendo moja.

Swali lako la kiuchumi basi linabadilika sura. Rasilimali kweli zina kikomo, na hapo mwalimu wako yuko sahihi. Lakini familia, kijiji au taifa lenye rasilimali chache linalochagua njia zinazokidhi mahitaji mengi kwa pamoja linaweza kuishi vizuri kuliko jirani yake tajiri anayetumia mali nyingi kununua njia za uongo. Kutosheka kunawezekana, na uchumi wenye heshima ungepaswa kuuliza kunapatikana vipi.

Swali: Mimi ni mjumbe wa kamati ya misaada. Tuliwapa wanawake wawili wenye umri unaokaribiana cherehani zinazofanana na mafunzo ya miezi mitatu kwa mwalimu yuleyule. Baada ya mwaka mmoja, wa kwanza anajitegemea, na cherehani ya wa pili imefunikwa kitambaa pembeni mwa chumba. Wenzangu wanasema huyu wa pili ni mvivu na tusimsaidie tena. Nafsi yangu inakataa, lakini sina hoja.

Jibu: Ndugu yangu, nafsi yako iko sahihi kukataa, na hoja ipo. Aliyeijenga kwa ufasaha kuliko wote ni Amartya Sen, mchumi na mwanafalsafa aliyezaliwa India, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1998. Katika mhadhara alioutoa mwaka 1979 aliuliza: tunapotaka watu wawe sawa, tunataka wawe sawa katika nini? Wengine walijibu kwamba wawe sawa katika mali, wengine katika kuridhika. Sen aliona kwamba majibu yote mawili yanamsahau mtu mwenyewe. Mali ni kitu kilicho nje ya mtu, na watu hutofautiana sana katika uwezo wa kuigeuza mali hiyo iwe maisha. Mtu asiyeweza kutembea anahitaji fedha nyingi zaidi ili afike mahali palepale anapofika mwenzake kwa miguu. Mjamzito anahitaji chakula zaidi ili abaki na afya ileile. Mtoto mwenye minyoo tumboni hula chakula sawa na mwenzake na hakinufaishi mwili wake kwa kiasi kilekile.

Baada ya kuwaelewa wanadamu hivyo, mtu hawezi tena kuutazama mgao sawa na kusema kazi imekwisha. Cherehani ni rasilimali. Kushona nguo zinazonunuliwa, kupata kipato na kukiamulia matumizi yake ndiko kunakotafutwa, na kati ya hivyo viwili kuna daraja ambalo kamati yenu haikulikagua. Nendeni kwa mama huyo wa pili, tena aende mtu mmoja au wawili wanaojua kusikiliza, wala msiende kama baraza la mashtaka. Angalieni kama macho yake yanaona sindano vizuri, maana miwani tu huweza kuwa ndiyo iliyokosekana. Ulizeni siku yake inakwenda vipi tangu anapoamka: nani anateka maji, nani anauguza wazee, nani anabaki na watoto. Ulizeni kama anaweza kutoka nyumbani kwenda kutafuta wateja bila kuomba ruhusa, na fedha ya nguo ya kwanza aliyoiuza iliishia mikononi mwa nani. Mtu akifanya kazi mara moja na mapato yake yakachukuliwa na mwingine, ni busara kwake kuifunika mashine, na mtazamaji wa nje atauita uamuzi huo uvivu.

Lipo pia jambo la uhuru, ambalo Sen alilifafanua kwa mfano wa watu wawili wasiokula: mmoja amefunga kwa imani yake, mwingine hana chakula. Matumbo yote mawili ni matupu, lakini wa kwanza angeweza kula kama angetaka. Inawezekana kabisa kwamba mama yule hakuwahi kutaka kushona, ila aliulizwa na kamati iliyokuwa na cherehani, na hakuwa na nafasi ya kusema kwamba yeye anajua kufuga. Iwapo ndivyo, kosa halikuanzia kwake. Miradi mingi huanza na kile kilichomo ghalani mwa mtoaji, kisha humlaumu mpokeaji kwa kutofanana nacho.

Swali: Mimi na mume wangu sasa tunapata karibu mara mbili ya kipato chetu cha miaka michache iliyopita. Hata hivyo tunalala kidogo, tunagombana zaidi, na watoto hutuona usiku tu. Je, ni kweli kwamba fedha hazileti furaha?

Jibu: Dada yangu, sipendi usemi huo, kwa sababu mara nyingi husemwa na walioshiba kuwaambia wenye njaa. Utafiti haukubaliani nao. Mwaka 1974 mchumi Richard Easterlin alionyesha kwamba ndani ya nchi moja, kwa wakati mmoja, wenye kipato kikubwa husema wana furaha kuliko maskini, ingawa nchi nzima inapoendelea kutajirika kwa miaka mingi furaha ya watu wake haipandi sambamba na utajiri huo. Sehemu hii ya pili imebishaniwa sana na bado inabishaniwa. Kuhusu mtu mmoja mmoja, watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton waliripoti mwaka 2010 kwamba hisia njema za kila siku huacha kupanda kipato kikishafika kiasi fulani. Matthew Killingsworth akapata matokeo tofauti mwaka 2021. Na mwaka 2023 Kahneman na Killingsworth waliandika pamoja kwamba kwa watu wengi hisia hizo huendelea kupanda, isipokuwa kwa kundi dogo la wasio na furaha, ambao kipato kikishafika kiwango fulani hakiwapunguzii huzuni tena. Ni vizuri kukumbuka pia kwamba kinachohesabika ni uwiano: nyongeza inayomfuta machozi maskini huenda tajiri asiihisi kabisa.

Kwa hiyo fedha zenu zina kazi, na msizidharau. Ninachokiona katika barua yako ni kwamba mmezinunua kwa rasilimali nyingine ambayo hamkuiandika katika hesabu. Juma lina saa 168 kwa tajiri na kwa maskini, na kipato chenu kilipoongezeka, saa za usingizi, za mazungumzo na za watoto ndizo zilizokilipia. Kaeni wawili, siku ambayo hamjagombana, mjiulize nyongeza hiyo ya fedha imekwenda kukidhi hitaji lipi hasa. Kama imelipa deni lililokuwa likiwanyima usingizi, au ada, au matibabu, basi imefanya kazi ya haki, na pengine kinachotakiwa ni kuweka tarehe ya mwisho wa mbio hizi. Kama imeishia katika vitu ambavyo hamna hata muda wa kuvikalia, mnaweza kurudisha baadhi ya saa zenu bila kupoteza lolote la maana. Wala msiamue kwa niaba ya watoto kwamba wanahitaji nini, waulizeni. Mtoto wa miaka saba ana majibu ya wazi katika jambo hili.

Swali: Redio inatangaza kwamba pato la taifa limekua. Mbona kwetu hatuoni kitu?

Jibu: Kwa sababu pato la taifa hupima thamani ya bidhaa na huduma zilizozalishwa, halipimi nani amezipata wala maisha yakoje. Simon Kuznets, aliyefanya kazi kubwa ya kulikokotoa kwa ajili ya Marekani, alilionya bunge la nchi yake mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kujulikana kwa kutazama kipimo hicho. Kazi ya mama jikoni na kitandani mwa mgonjwa haimo. Gharama ya kusafisha mto uliochafuliwa imo, tena kama ongezeko. Ndiyo maana mwaka 1990 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, kwa kazi iliyoongozwa na mchumi Mahbub ul Haq wa Pakistani, lilianza kuchapisha kipimo kinachounganisha urefu wa maisha, elimu na kipato.

Jumla inaweza hata kuficha maafa. Katika njaa kuu ya mwaka 1943 huko Bengal, wakati huo jimbo la India, walikufa watu kati ya milioni mbili na tatu. Sen, aliyekuwa mtoto huko wakati huo, alikuja kuonyesha kwamba chakula kilichokuwepo hakikuwa kimepungua kwa kiasi cha kueleza vifo vile vyote. Bei ilipanda, ujira wa vibarua, wavuvi na mafundi haukupanda nayo, nao wakafa hali chakula kikiwepo.

Swali: Ninamuuguza mama yangu mwaka wa pili sasa. Nilikuwa mtu mchangamfu, mwenye akiba kidogo na marafiki wengi. Leo sina akiba, marafiki wamepungua, na nakasirika kwa jambo dogo. Ndugu zangu hunisifu kuwa nina moyo. Nifanye nini ili nisiishiwe kabisa?

Jibu: Pole sana kwa kumuuguza mama. Unachokieleza kina mpangilio unaojulikana. Mwanasaikolojia Stevan Hobfoll alieleza mwaka 1989 kwamba watu hujitahidi kupata, kulinda na kujenga rasilimali zao, na kwamba msongo hutokea pale rasilimali hizo zinapotishiwa, zinapopotea, au zinapowekezwa bila kuleta faida. Rasilimali kwake si fedha na vitu pekee. Zimo hali za maisha kama ndoa na kazi ya kudumu, zimo tabia za mtu kama kujiamini, na zimo nguvu za kutumia kama muda na maarifa. Aliongeza mambo mawili yanayokuhusu moja kwa moja. La kwanza ni kwamba hasara humuumiza mtu kuliko faida ya kiasi kilekile inavyomnufaisha. La pili ni kwamba hasara huzaa hasara: akiba ikiisha huendi tena kwenye shughuli za marafiki, marafiki wakipungua hakuna wa kukupokea zamu, ukikosa zamu hulali, na usipolala hasira hupanda na kuwafukuza hata waliobaki.

Kwa hiyo usianze na uzuri wa maisha yote. Anza kwa kuzuia mporomoko, na pa kuuzuia ni usingizi, kwa sababu ndio unaorudisha subira na akili ya kupanga mengine. Ndugu zako wanakupa sifa, nazo hazipunguzi kazi. Waite, ana kwa ana au kwa simu, uwape madai mahususi badala ya kuwaomba wakusaidie kwa ujumla: fulani alale na mama usiku wa siku mbili kila juma, fulani alipe dawa za mwezi, aliye mbali awe ndiye wa kufuatilia miadi ya hospitali kwa simu. Ombi la jumla humpa kila mtu nafasi ya kudhani kwamba mwenzake amelibeba. Mtu akikataa, pata jibu lake waziwazi mbele ya wengine, ili mpango upangwe kwa waliopo.

Halafu mrudie rafiki mmoja, mmoja tu, umwambie hali yako bila kuipamba. Wengi hukaa kando kwa kudhani kwamba wanakuachia nafasi. Mama naye, kama akili yake ni timamu, mshirikishe katika mpango huo. Mgonjwa anayeona mwanawe akiisha mbele yake hubeba mzigo wa pili kimyakimya, na kupewa sauti katika jambo linalomhusu humrudishia sehemu ya heshima yake.

Ikiwa usingizi haurudi hata ukipata mtu wa kukupokea, au ikiwa unakata tamaa ya kuishi, nenda ukaonane na mhudumu wa afya sasa, usingoje mama apate nafuu kwanza.